Kupachika chembe nano za nikeli kwenye grafaiti na kuzipima kwa yurea: mwongozo kwa maabara ndogo ya Lamu

Gramu 1 ya nikeli ikiwa mchemraba mmoja haifiki nusu sentimita kila upande, na uso wake wote ni kama sentimita 1.4 za mraba. Gramu hiyo hiyo ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 10, uso unafika mita 67 za mraba hivi, sawa na sakafu ya nyumba nzima. Mmenyuko wa kielektrokemia hutokea usoni tu. Atomu zilizofichika ndani ya kipande ni abiria wasiolipa nauli, na ndiyo sababu ya kuhangaika na chembe ndogo namna hii.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupachika chembe za nikeli kwenye kichwa cha kijiti cha grafaiti kwa mipigo mifupi ya umeme, halafu kuzipima kama kichocheo cha kuoksidisha yurea, yaani kuinyang'anya elektroni, ndani ya alkali. Nikeli haina bei ya platini, ila haivumilii asidi: ndani ya asidi itayeyuka. Yurea tumeichagua kwa sababu inapatikana kwenye maduka ya mbolea ya Mpeketoni, na kwa sababu jibu lake huonekana wazi: kichocheo kikifanya kazi mkondo unapanda, kisipofanya mstari unabaki umelala.

Kwa hesabu ya kitabuni, kupasua maji kunadai volti 1.23 na kuoksidisha yurea kunadai 0.37 tu. Msifurahie tofauti hiyo upesi. Nikeli haigusi yurea mpaka yenyewe kwanza igeuke kuwa nikeli oksihaidroksaidi, na hilo hutokea karibu na volti 1.35 hadi 1.4 kwa kipimo cha haidrojeni, yaani volti zikihesabiwa kwa kuifanya elektrodi ya haidrojeni kuwa sifuri. Oksihaidroksaidi hiyo ndiyo inayonyang'anya yurea elektroni, kisha inarudi kuwa haidroksaidi ya kawaida, na mzunguko unaanza upya. Kila molekuli ya yurea hutoa elektroni 6. Faida halisi dhidi ya kutoa oksijeni kwa nikeli ni kama sehemu mbili za kumi za volti, si zile nane na ushei za kitabuni.

Maji kwanza

Visima vingi vya mji wa Lamu vina chumvi, na hata maji matamu ya vilima vya mchanga vya Shela hayafai kwa kazi hii bila kutoneshwa. Maji ya mvua ya kwenye jabia yamepita juu ya chokaa, kwa hiyo yana kalsiamu. Kalsiamu na magnesiamu zikikutana na alkali kali hufanya ukungu mweupe unaotua juu ya elektrodi na kuziba chembe ulizozihangaikia.

Nunua maji ya betri, lakini soma chupa: madukani neno hilo huitwa maji safi yaliyotoneshwa na huitwa asidi pia. Mimina kidogo kwenye bika, dondoshea matone 2 ya nitrati ya fedha. Yakigeuka maziwa, yana kloridi, rudisha. Kama una kipima chumvi cha mkononi, kisome chini ya sehemu 5 kwa milioni (ppm).

Kila chombo kioshwe kwa maji hayo mara tatu, hata kilichotoka kabatini kikiwa safi. Hewa ya pwani ina chumvi, na bika iliyokaa wazi siku tatu karibu na dirisha la baharini ina kloridi ya kutosha kukuharibia kipimo.

Kijiti cha grafaiti

Betri ndogo za kaboni, zile za bei nafuu za redio na saa, zina kijiti cha grafaiti katikati chenye kipenyo cha milimita 4 hivi. Usipasue betri za alkali: hazina kijiti hicho, ndani zina alkali kali, na utajiunguza bure. Vaa glavu, kata ganda la zinki kwa koleo, vuta kijiti, futa unga mweusi.

Unga ule mweusi ni manganisi dioksaidi, ambayo nayo ni kichocheo. Ukiuacha, utasifu nikeli kwa kazi ya manganisi. Changanya siki na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ya asilimia 3, sawa kwa sawa, tumbukiza kijiti. Mapovu yakitoka, manganisi bado ipo. Badilisha mchanganyiko na rudia mpaka kijiti kitulie bila povu, kisha suuza.

Wengi huchoma kijiti kwenye moto wa jiko ili kutoa nta iliyomo. Msiichome. Kiwanda kimeiweka nta hiyo ili maji yasipande ndani ya matundu ya kaboni, nasi tunaihitaji kwa sababu hiyo hiyo. Kijiti kisicho na nta hunyonya alkali kama utambi wa koroboi, inafika kwenye kibanio cha shaba, shaba inaliwa, inashuka chini, na siku ya pili unashangaa myeyusho una rangi ya buluu. Kama kijiti kimeshachomwa, kitie kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka mpaka kiache kutoa mapovu, kitoe, kifute.

Vika kijiti mpira wa kusinyaa kwa joto na uzibe ukingo kwa epoksi ili kibaki wazi kichwa tu. Epoksi ikikauka kwa saa 24, saga kichwa kwa msasa namba 400, kisha 800, kisha 1200, ukilowesha kwa maji safi, na umalizie kwa kukisugua kwenye karatasi nyeupe kavu mpaka king'ae. Pima kipenyo kwa kaliperi. Kipenyo cha milimita 4 kinatoa eneo la sentimita 0.126 za mraba, na hesabu zote zinazofuata zimeshika namba hiyo. Kikiwa tofauti, badilisha mikondo kwa uwiano wa eneo.

Tayarisha vijiti 4 kwa pamoja. Viwili vya nikeli, kimoja cha akiba, na kimoja kitabaki mtupu bila nikeli kabisa. Hicho kitupu ndicho watu hukiruka, na bila hicho huna ushahidi wowote.

Kipande cha nikeli cha upande wa pili

Anodi ya bafu, yaani kipande cha upande chanya ndani ya myeyusho wa kupachikia nikeli, inatakiwa iwe nikeli halisi. Vipande vya kuunganishia betri za lithiamu vinauzwa kwa mafundi wa simu na baiskeli za umeme, lakini vingi ni chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha kwa sababu nikeli nayo huvutwa na sumaku. Kwaruza kipande kwa tupa, kilaze usiku kucha kwenye maji ya bahari, na asubuhi utazame mikwaruzo. Kutu ikionekana, ni chuma.

Tunasisitiza hili kwa sababu chuma kidogo mno hubadilisha tabia ya nikeli. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba uchafu wa chuma kwenye elektroliti hurahisisha utoaji wa oksijeni kwenye nikeli. Ukitaka oksijeni, chuma ni rafiki. Kwenye kipimo cha yurea kinakuvurugia, kwani mkondo wa oksijeni unaanza mapema na kujichanganya na ule unaoutafuta.

Bafu la nikeli

Kwa mililita 100: gramu 2.63 za salfeti ya nikeli yenye maji sita, na gramu 1.85 za asidi ya boriki. Yeyusha boriki kwanza kwenye mililita 70 za maji ya uvuguvugu, maana ni nzito kuyeyuka, kisha tia salfeti, acha ipoe, jaza hadi 100. Rangi ni kijani safi kama jani changa. pH iwe kati ya 3.5 na 4.5, ikizidi, shusha kwa tone moja moja la asidi ya salfa hafifu.

Asidi ya boriki si ya mapambo. Wakati nikeli inatua, maji nayo yanapasuka kidogo kwenye kathodi, yaani kijiti kilicho upande hasi, na alkali inajikusanya pale pale usoni. Pasipo boriki ya kuizuia, unapata haidroksaidi ya nikeli badala ya metali: ute wa kijani unaotoka ukiupitishia kidole.

Chumvi za nikeli husababisha saratani zikivutwa kwa muda mrefu na huleta upele wa ngozi usiopona haraka. Pima unga penye utulivu bila feni, glavu mkononi, na usile wala kunywa kwenye meza hiyo.

Mipigo

Chembe ndogo na nyingi zinatokana na jambo moja: msukumo mkubwa kwa muda mfupi. Mkondo ukiwa mdogo, nikeli inaona afadhali kujiongezea juu ya chembe chache zilizokwisha kuzaliwa kuliko kuanzisha mpya, na unapata mabonge machache makubwa. Mkondo ukiwa mkubwa, chembe huzaliwa kila mahali kwa pamoja. Lakini ukiuacha mkubwa kwa muda mrefu, ayoni za nikeli karibu na uso zinaisha na kinachobaki kutoka ni haidrojeni. Kwa hiyo tunapiga milisekunde 10, tunapumzika milisekunde 90 ili ayoni zijae tena.

Mkondo wa mpigo ni miliampea 50 kwa sentimita ya mraba, yaani miliampea 6.3 kwa kichwa chetu. Chukua betri ya sola ya volti 12. Kutoka chanya pita kwenye ukinzani wa kilo-omu 1.5, kisha nenda kwenye kipande cha nikeli. Kijiti cha grafaiti kiunge na kolekta ya transista ya NPN kama 2N2222, na emita iende hasi. Besi iendeshwe na pini ya Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayopangiwa mipigo, kupitia kilo-omu 1, na hasi za Arduino na betri ziwe moja. Ukinzani umemeza sehemu kubwa ya volteji, kwa hiyo hata seli ikibadilika kidogo mkondo haubadiliki sana. Transista ikizima, seli inabaki wazi. Usibuni sakiti inayofunga elektrodi mbili pamoja wakati wa mapumziko, kwa sababu nikeli iliyotua itaanza kuyeyuka.

Chomoa chaja ya sola kabla ya kuanza. Betri iliyotulia ina volti 12 na nusu hivi, lakini ikichajiwa jua la mchana inapanda hadi 14.4, na mkondo wako unatoka 6.3 hadi karibu 7.6 bila wewe kujua. Elektrodi ya asubuhi na ya adhuhuri zitakuwa tofauti, na utatafuta sababu kwenye kemia wakati iko juu ya paa. Stima ya ukutani ina hatari yake nyingine: ikikatika katikati ya mipigo, kijiti hicho ni cha kusaga upya. Usikiendeleze.

Idadi ya mipigo ni 100, jumla sekunde 10. Hesabu yake: miliampea 6.3 kwa milisekunde 10 ni mikrokulombi 63. Mara 100 ni milikulombi 6.3. Kila kulombi 1 hutua miligramu 0.304 za nikeli, kwa hiyo hapa ni mikrogramu 1.9, sawa na mikrogramu 15 kwa sentimita ya mraba. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwani sehemu ya mkondo imekwenda kwenye haidrojeni. Kama nikeli hiyo ingetandazwa sawasawa ingekuwa utando wa nanomita 17. Ukipiga mipigo 500 kwa tamaa, unafika unene wa nanomita 85, chembe zimegusana, na umerudi kwenye bamba la kawaida ulilokuwa unalikimbia.

Kijiti kitoke bafuni kikiwa na kivuli cha kijivu tu. Kikiwa cheusi kama kilichoungua, mkondo ulikuwa mkubwa au eneo ni dogo kuliko ulivyopima. Kikiwa na madoa ya mviringo yasiyo na nikeli, mapovu ya haidrojeni yaliganda; igeuze seli ili kichwa kitazame pembeni badala ya chini. Suuza mara moja na kiweke kwenye alkali au kwenye chupa yenye silika jeli iliyokaushwa. Kikiachwa wazi mezani wiki nzima wakati wa kusi, unyevu wenye chumvi utakichimba vishimo.

Wanaotumia kitambaa cha kaboni badala ya kijiti wajue kwamba uso wake wa ndani ni mkubwa, na unahifadhi chaji kama kapasita. Mpigo wa milisekunde 10 unaishia kujaza kapasita hiyo, nikeli haitui. Kwa kitambaa ongeza muda wa mpigo mpaka uone kijivu.

Ukiwa na unga wa nikeli au platini ulionunuliwa tayari, njia ni nyingine na ni fupi: miligramu 5 za unga ndani ya mililita 1 ya maji na isopropanoli nusu kwa nusu, na mikrolita 20 hadi 50 za Nafion (plastiki inayopitisha ayoni, hapa ni gundi) ya asilimia 5, tikisa kwa mawimbi ya sauti nusu saa, dondosha mikrolita 10 juu ya diski ya kaboni ya milimita 5 na uiache ikauke taratibu. Ikikauka kwa feni, unga hukimbilia ukingoni kama doa la kahawa.

Alkali na yurea

Potasiamu haidroksaidi ya vidonge huwa na asilimia 85 tu ya kitu chenyewe, iliyobaki ni maji. Kwa moli 1 kwa lita pima gramu 16.5 kwa mililita 250. Pima haraka na funga chupa: kwa unyevu wa Lamu vidonge huanza kung'aa kwa maji kabla hujamaliza kuhesabu. Tia vidonge ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya vidonge. Joto lake linaweza kurusha alkali usoni. Vaa miwani ya kujikinga hata kama unajiona mzoefu. Ikiingia jichoni suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 na zaidi huku mtu akitafuta boti ya kwenda hospitali. Siki na ndimu visikaribie jicho.

Tunza alkali kwenye plastiki yenye pembetatu namba 5, kwa sababu kioo huliwa polepole. Ikikaa zaidi ya wiki hunywa kaboni dioksaidi ya hewani, kwa hiyo tengeneza mpya.

Kama unataka kuondoa chuma kwenye alkali, tumia haidroksaidi ya nikeli yenyewe. Yeyusha gramu 2 za nitrati ya nikeli safi kabisa kwenye mililita 4 za maji, tia mililita 20 za alkali, tikisa, acha ute wa kijani utue, mwaga juu, osha mara tatu. Ute huo changanya na alkali unayotaka kuisafisha, tikisa angalau dakika 10, iache saa 3, kisha chota ile iliyo juu. Ute unanasa chuma. Kwa kulinganisha elektrodi zako mwenyewe kwa alkali ya chupa moja, hatua hii unaweza kuiruka. Ukitaka kulinganisha na namba za maabara nyingine, usiiruke.

Yurea ya mbolea imetiwa vitu vya kuzuia punje zisigandamane. Isafishe: gramu 80 kwenye mililita 40 za maji ya nyuzi 60, chuja kwa moto wake, weka kwenye friji mpaka fuwele zitoke, chuja tena, kausha kivulini. Utapata nusu hivi. Usichemshe. Ukisikia harufu ya amonia umeshaivunja. Kwa kipimo, gramu 2 ndani ya mililita 100 za alkali zinatoa moli 0.33 kwa lita, karibu sawa na mkojo wa binadamu. Changanya siku hiyo hiyo.

Swali la mkojo wenyewe huulizwa kila mara, hasa kwenye mji wenye punda wengi kama huu. Ile harufu kali ya vichochoroni ni amonia, maana yake yurea imeshavunjwa na vimeng'enya vya bakteria. Mkojo uliolala si yurea tena. Na ulio mbichi una kloridi inayochimba nikeli na vitu vingine vinavyoganda juu ya chembe. Anza na yurea safi.

Elektrodi rejea kutoka kwa sonara

Elektrodi rejea ni ile ambayo volti yake haitembei, na volti ya kijiti husomwa dhidi yake. Masonara wa Lamu wanaweza kukuvutia waya wa fedha wa milimita 1. Sema unataka fedha tupu, si ile ya 925 ya pete na bangili, ambayo ina asilimia 7.5 ya metali nyingine, kwa kawaida shaba. Urefu wa sentimita 8 unatosha. Sugua kwa msasa laini, tumbukiza sentimita 3 kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 1, iunge chanya ya betri ya volti 12 kupitia kilo-omu 12, hasi iende kwenye kipande chochote cha grafaiti, dakika 30. Waya unageuka zambarau iliyofifia, rangi ya kloridi ya fedha.

Uweke kwenye bomba lenye kloridi ya potasiamu iliyoshiba, gramu 36 kwa mililita 100, punje chache zibaki chini bila kuyeyuka. Mdomo wa bomba uzibe kwa agari, jeli ya mwani. Bomba hilo liingie kwenye bomba la pili lenye nitrati ya potasiamu, nalo lizibwe hivyo hivyo. Hili la pili lina sababu: alkali ikifika kwenye waya, kloridi inageuka oksaidi nyeusi na volteji inaanza kutembea. Tengeneza rejea mbili, ziweke kwenye kikombe kimoja na uzipime kwa mita. Tofauti isizidi milivolti 5. Kabla na baada ya kila siku ya kazi.

Rejea hii iko volti 0.197 juu ya haidrojeni ya kawaida. Ndani ya alkali ya pH 14, ongeza 0.059 mara 14. Kwa hiyo volti yoyote unayosoma ongeza 1.02 ili kupata kipimo cha haidrojeni kilichotumika humu.

Kupima

Potenshiostati, yaani kifaa kinachoshikilia volteji dhidi ya rejea na kupima mkondo, yoyote inayofika miliampea 10 inatosha. Kikombe cha plastiki, kijiti chako, rejea karibu nacho, na kipande kikubwa cha nikeli upande wa pili.

Anza bila yurea. Zungusha volteji kati ya -0.02 na +0.48 kwa rejea ya fedha, kasi ya milivolti 50 kwa sekunde, mizunguko 50, kama dakika 17. Nikeli inajivika haidroksaidi taratibu, na kwenye grafu ya mkondo dhidi ya volti jozi ya vilima inakua karibu na volti 1.35 hadi 1.45 kwa kipimo cha haidrojeni. Vilima visipotokea, nikeli haipo au haijagusana na grafaiti. Kisha shusha kasi hadi milivolti 20 na uhifadhi mzunguko mmoja.

Kilima cha kupanda kina habari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pima eneo lake juu ya mstari wa chini, gawanya kwa kasi, unapata chaji. Kutua kwa atomu moja kulitumia elektroni 2, na kugeuka oksihaidroksaidi kunatoa 1, kwa hiyo atomu zote zingefikiwa ungepata nusu ya 6.3, yaani milikulombi 3.15. Ukipata 0.45, ni asilimia 14. Chembe ya mviringo ya nanomita 10 ina takriban asilimia 14 ya atomu zake kwenye tabaka la nje. Ya nanomita 20 ina 7. Ya nanomita 50 ina 3. Haidroksaidi huingia ndani zaidi ya tabaka moja kadiri unavyozungusha, basi usiandike kwamba umepima ukubwa wa chembe. Umelinganisha tu elektrodi na elektrodi, ambalo kwa mtu asiye na hadubini ya elektroni ni jambo kubwa.

Sasa weka myeyusho wenye yurea na urudie kwa kasi ile ile. Mkondo baada ya volti 1.35 uzidi ule wa kwanza mara kadhaa. Fanya hivyo hivyo kwa kijiti kitupu. Kikipanda nacho, una manganisi, shaba au nikeli ya kikombe ambacho hakikuoshwa. Usipite volti 1.5 kwa muda mrefu, maana grafaiti yenyewe huanza kuliwa na chembe hupoteza mahali pa kushika. Kwa sababu hiyo hiyo kijiti hiki hakifai kuwa upande wa oksijeni.

Gawanya mkondo kwa eneo la kichwa, halafu kwa mikrogramu za nikeli, halafu kwa chaji ya kilima. Namba tatu, maswali matatu. Kijiti cha mipigo 500 kinaweza kushinda kwa eneo na kushindwa vibaya kwa mikrogramu, na anayeonyesha namba ya kwanza peke yake anakuficha.

Ondoa pia volteji inayopotelea kwenye myeyusho. Diski hii kwenye alkali ya moli 1 ina ukinzani wa omu 6 hivi. Kwa miliampea 6 ni milivolti 36 zisizo za kichocheo. Vibanio vya Lamu vina lao: kutu ya chumvi huongeza omu kadhaa bila kuonekana. Shika vibanio viwili pamoja upime kwa mita; vikizidi omu 1, sugua kwa msasa au utupe.

Mkondo ukishuka unaposhikilia volti 1.45 kwa saa nzima, usiseme kichocheo kimekufa. Gonga kikombe mapovu ya naitrojeni yatoke. Ukirudi juu, ni mapovu. Suuza, weka myeyusho mpya. Ukirudi, yurea ilipungua au mabaki yaliziba uso. Usiporudi, pima tena kilima bila yurea: kikiwa kimepungua kwa kiasi kile kile, chembe zimeanguka au zimeungana, kikiwa kile kile, uso umetiwa sumu, na mizunguko 10 kwenye alkali safi huenda ikausafisha.

Mabaki

Mitaro ya mji inakwenda baharini moja kwa moja. Kusanya bafu la nikeli na maji ya suuza ya kwanza kwenye ndoo, tia soda ya kufulia mpaka pH ifike 10, koroga, acha usiku mmoja. Nikeli inatua kama tope la kijani. Chuja kwa kitambaa kizito, kausha tope, lifunge kwenye chupa yenye maandishi, na likisafirishwa kwa boti kwenda Mokowe lisiwe kapu moja na asidi. Maji yaliyobaki yakiwa bado na kijani, bado yana nikeli. Ongeza soda na urudie.